Vigoda vya Bibi Nyamizi

Harufu ya saruji iliyotoka kudekiwa hunirudisha kwenye baraza ya Bibi Nyamizi, mzaa mama, nyuma ya bandari ya Mwanza. Nyumba ilikuwa ya mawe, vyumba sita vikitazama ziwa. Zamani, kabla mama hajazaliwa, mabaharia waliposhuka melini walikuja hapo moja kwa moja. Bibi aliuza pombe. Wapangaji wake, wanawake sita, waliuza walichojua wenyewe. Watoto hatukuambiwa, ila mtaa mzima ulijua, nami nilikuwa na masikio. Wawili kati ya wanawake hao walizeekea humo humo, na ndio waliosaidia kunilea.

Miaka ya tisini biashara huria ilipoingia, kila mwenye duka la redio za Dubai alitaka ghorofa. Mjomba akapata mnunuzi wa kubomoa. Bibi alipokataa, mjomba akamleta mzee wa kanisa aje amwambie kuwa nyumba ile ni aibu, afadhali ivunjwe. Niliogopa sana, maana sikuwa na kwetu kwingine, wala bibi zangu wale wawili hawakuwa nako.

Asubuhi hiyo nilikuwa nimedeki baraza na kupindua vigoda vikauke, kimoja mbele ya kila mlango. Mzee wa kanisa alipanda ngazi, akaviona, akasimama. Akageuza uso kwa adabu, akamwambia mjomba:

"Tusubiri kwanza. Ndani kuna watu."

Mjomba hakuelewa, wala mimi. Bibi alielewa. Enzi zile, kigoda kilichopinduliwa mlangoni kilimwarifu anayekuja kwamba mwenye chumba ana mgeni.

"Karibu, mzee," alisema taratibu. "Alama hiyo ulifundishwa kanisa gani?"

La kuvunda halina ubani. Mzee akacheka mpaka akaomba maji. Mahubiri hayakutolewa. Alipoaga alimwambia mjomba aiache nyumba ya mama yake, na mjomba, kwa hasira, akaiacha.

Leo maghorofa ya vioo yameizunguka, nayo imo katika orodha ya majengo ya kale. Kibao ambacho maofisa wa mambo ya kale walikusudia kukipigilia ukutani kilisema tu kwamba palikuwa nyumba ya wageni. Niliomba yaongezwe majina ya wale wanawake sita, kama Bibi alivyonitajia kabla hajafa. Fundi akasema nafasi haitoshi. Nikamwambia alete kibao kikubwa zaidi, akaleta. Siku hizi watoto wa shule huyasoma majina yale kwa sauti, mchana kweupe.