Kilima cha Kuazima

Shafii, kipa wa timu yetu ya mtaani hapa Rumonge, hakuwa mtu wa kutulia. Hata mpira ukiwa upande wa pili wa uwanja, alizunguka golini akijisemea peke yake. Vita vilipopamba moto akazidi, kwa sababu hakuwa na karangamuntu, na aliyefika kwenye kizuizi cha askari barabarani bila kadi hiyo ya kitambulisho hakuwa na uhakika wa kurudi nyumbani.

Alikuwa ameiomba mara nne. Kila mara karani alimwuliza kilima chake, maana kwetu Burundi mtu hutajwa kwa kilima cha babake. Shafii alizaliwa hapa mjini, na babake, mzee Nasoro, vilevile, lakini babu alitoka Kongo akajenga kwenye mtaa wa Waswahili. Huko hakuna kilima; kuna nyumba na msikiti. Karani alifunga daftari, akamwambia akaombe kwao Kongo.

Halafu, mwaka wa tano wa vita, mkubwa mmoja kutoka Bujumbura alimwona akidaka penalti mbili. Siku tatu zilitosha. Mkubwa alimwamuru kocha wa timu ya taifa amweke kando kipa aliyekuwapo, na karani yuleyule akamwandikia Shafii kadi: mzaliwa wa kilima kimoja cha Bugarama, mwana wa Casimir. Casimir huyo hatukumjua. Shafii alitaka kukataa. Mzee Nasoro ndiye aliyemsihi aichukue, apate kupita njiani.

Walicheza nchi jirani, wakafungwa mabao matatu. Shafii alinisimulia, akicheka kwa hasira, kwamba watazamaji walimzomea, "Mrundi, rudi kwenu." Ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kuitwa Mrundi. Aliporudi, mkubwa alisema redioni kwamba tumeshindwa kwa sababu ya wageni waliojipenyeza kikosini. Na aliyemwingiza ni yeye mwenyewe! Inanikera mpaka leo. Kadi, hata hivyo, hawakukumbuka kuidai.

Mwezi uliofuata tulikuwa tunatoka Kigwena kununua mawese, Shafii, mzee Nasoro na mimi. Kizuizini askari alisoma kadi yangu na ya Shafii, akaturuhusu kupita. Mzee hakuwa na kitu cha kuonyesha.

"Uyu muzee iko nani yako?" askari akamwuliza Shafii.

Nasoro akamwahi. "Simujui uyu kijana. Tumekutana tu mu njia."

Akaamriwa kukaa chini. Mimi nilimvuta Shafii mkono. Naungama, nilitaka tuondoke. Tulitembea mpaka kwenye kona. Hapo akatua bidoni lake la mawese, akarudi, akamwambia askari kwamba yule ni babake mzazi.

Askari akaitazama kadi tena. "Casimir?"

"Apana. Nasoro."

"Basi kadi hii iko ya nani?"

Shafii akajibu kwamba ni ya aliyeiandika, akaketi chini kando ya babake.