Fundi wa Kitengela asiyeamini rangi ya waya

Saa mbili asubuhi, Ledama Parmuat amechutama nyuma ya pikapu kuukuu katika gereji ya wazi mjini Kitengela. Malori yanayoelekea Namanga yanammwagia vumbi, naye hajisumbui hata kupangusa uso.

"Kanyaga breki, mama," anasema.

Ndani ya gari, Fardosa, mfanyabiashara wa mbuzi, anakanyaga. Taa ya kulia inawaka sawasawa. Ya kushoto inafanya vituko: breki imefifia kama tochi iliyoishiwa betri, na indiketa, ambayo hakuna aliyeiwasha, inawaka nayo.

Mafundi wawili wameshashindwa. Wa kwanza alibadilisha balbu na fyuzi. Wa pili aling'oa taa nzima ya kushoto na kufunga nyingine.

"Juzi lori karibu initoe roho," anasema Fardosa. "Dereva aliona indiketa, akafikiri nakata kona, kumbe nasimama. Na mimi nabeba watoto na hii gari."

Anaweka tofali juu ya pedali na kushuka. Ledama anaigusa taa ya juu upande wa kushoto. "Indiketa ndiyo hii. Wacha nianze nayo."

Fardosa anakunja uso. "Fundi, hiyo ni nyekundu. Ni ya breki. Ya manjano iko chini."

Fundi aliyetangulia alikuwa ameifunga taa juu chini. Mtu yeyote angeliona kosa hilo kwa kutupa jicho mara moja. Ledama hakuliona, na fundi jirani anachungulia kutoka chini ya lori.

Kwa miaka ishirini na miwili katika kazi hii, Ledama, mwenye umri wa miaka 44, ameficha jambo moja ambalo mkewe Naipanoi pekee ndiye anayelijua. Macho yake hayatofautishi nyekundu na kijani, na manjano ya indiketa humchanganya pia. Taa za magari huzitambua kwa mahali zilipo. Ameogopa siku zote kwamba wateja wakijua, watahama.

Anasimama. Hata mwandishi wa habari hizi anaona aibu kuwa pale.

"Mama, nisikudanganye," anasema. "Macho yangu hayashiki rangi. Kama unataka fundi mwingine, sitakasirika."

Fardosa anaitazama pikapu, kisha anamtazama yeye. "Wale wawili walikuwa wanaona rangi vizuri. Gari ilipona?" anauliza. "Endelea, fundi. Nimechoka kuzunguka."

Ledama anachukua testa yake, kijitaa chenye sindano upande mmoja na kibanio upande wa pili. Anagusa kila waya, mmoja baada ya mwingine, bila haraka. Hatazami rangi kabisa.

"Gari ya zamani imepita mikono mingi," anaeleza akiendelea. "Huyu anaunga nyekundu na kijani, yule anaweka waya ya redio. Ukifuata rangi utapotea. Mimi nauliza umeme wenyewe uko wapi."

Uangalifu huo aliupata kwa machungu. Akiwa na miaka kumi, karibu na Ewuaso Kedong, baba yake alimtuma kwa jirani akalete mtamba mwekundu waliopewa. Alirudi na wa rangi ya kahawia. Katika boma ambamo ng'ombe huitwa kwa rangi yake, hilo lilikuwa kichekesho cha mwaka mzima.

"Baba alifikiri nafanya mchezo, akanichapa," anakumbuka. "Kutoka hapo nikawajua ng'ombe kwa pembe, na vile wanatembea. Sikupoteza hata mmoja tena."

Testa inaonyesha kwamba umeme unafika vizuri kwenye taa. Tatizo ni njia ya kurudi. Ledama anajilaza chali chini ya pikapu na kucheka peke yake. Nati inayoshika waya wa ethi, ule unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari, imeliwa na kutu hadi kubaki unga.

"Mkojo wa mbuzi wako ndio umeila!" anapaza sauti. "Umeme ukikosa njia ya kwenda nyumbani, unapitia kwa balbu ya jirani. Ndiyo maana indiketa ilikuwa inawaka."

Anasugua chuma kwa msasa, anahamishia waya mahali ambapo mkojo haufiki, anafunga nati mpya na kuipaka grisi. Taa ya kushoto anaigeuza ikae inavyostahili. Kisha anakaa kwenye usukani mwenyewe, anaondoa tofali, anakanyaga breki na, kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi, anamwomba mteja amsomee rangi.

"Nyekundu mbili!" Fardosa anaita kutoka nyuma. "Manjano hakuna!"

Siku njema humwachia Ledama shilingi 1,500. Kampuni moja ya usafirishaji inahitaji fundi wa umeme, lakini mwenye cheti. Fomu ya mtihani wa ufundi aliichukua mwaka jana na kuifungia kwenye sanduku la vifaa, akihofia kuulizwa rangi za waya mbele ya watu.

Fardosa akishaondoka, anaitoa na kuikunjua juu ya boneti ya gari jingine.

"Nitawaandikia vile niko, na vile nafanya kazi," anasema. "Wakinikataa, wanikatae wakijua."

Anaomba kalamu na kupewa mbili, nyeusi na nyekundu, ambazo machoni pake zinafanana. Fomu inataka wino mweusi. Anazigeuza mkononi, kisha anainua kichwa na kuuliza kwa sauti, mafundi wote wakisikia.

"Jameni, nyeusi hapa ni gani?"