Mlolongo wa Kiranja Mkuu

Saa nne na dakika kumi asubuhi, siku ya Alhamisi, kengele ya mapumziko ilipigwa na mwalimu mkuu akatukataza kwenda kucheza. Shule nzima, kuanzia darasa la kwanza hadi la nane, ilitakiwa uwanjani kumchagua kiranja mkuu. Mwaka huo watu wazima walikuwa wamepiga kura kwa kupanga mlolongo nyuma ya mtu waliyemtaka, au nyuma ya picha yake. Mwalimu mkuu alisema sisi nasi tutafanya hivyo hivyo, ili tujue nchi inavyoendeshwa.

Wagombea tulikuwa wawili. Mmoja alikuwa mtoto wa mwenyekiti wa kamati ya shule, mzee aliyelima ngano upande wa kijiji cha Ziwa na aliyekuwa pia na cheo katika tawi la chama. Mwingine nilikuwa mimi, msichana wa darasa la nane mwenye miaka kumi na minne, mtoto wa mwanamke aliyeuza viazi sokoni Eldoret.

Sikuwa mtoto wa kupenda kuonekana. Kilichonipeleka mbele ni ada ya mtihani wa mwisho wa shule ya msingi. Ilitakiwa ilipwe kabla ya Ijumaa jioni, yaani kesho yake. Asiyelipa hakuandikishwa, na asiyeandikishwa hakuwa na la kungoja shuleni. Lakini kamati ilikuwa na desturi ya kumlipia kiranja mkuu ada hiyo, kama shukrani kwa kazi yake. Mama alimuuliza mwalimu mkuu jambo hilo mara mbili, siku mbili tofauti, asije akawa ameelewa vibaya. Viazi vyake vilitoka Timboroa kwa magunia, na mwezi huo mvua ilikuwa imeharibu barabara. Magunia yalifika yakitoa maji, nusu ya kutupa.

"Pesa hakuna," aliniambia. "Kuna hiyo kura tu."

Jumatano jioni alifua sweta yangu na kuikausha juu ya jiko la makaa, akiigeuza kama anayechoma mahindi. "Ukisimama mbele," alisema, "usiwaangalie kama unaowadai."

"Niwaangalie vipi?"

"Angalia mtu mmoja mmoja. Wengi wanatisha."

Somo la uraia tulifundishwa na mwalimu kijana, mwanamke aliyekuwa ametoka chuoni mwaka uliotangulia. Kwa wiki mbili aliandika ubaoni maneno matatu: jamii, heshima, demokrasia. Hakuyafuta, aliandika mengine kando yake. Heshima, alisema, si woga. Heshima ni kumwacha mwenzako asimame anapotaka, nawe usimame unapotaka, halafu kesho yake mwazimane kifutio kama kawaida.

Rafiki yangu niliyeketi naye dawati moja aliinua mkono. Baba yake alikuwa dereva wa trekta ya mwenyekiti. "Mwalimu, na kama kuna mtu mkubwa anakuangalia?"

"Utasimama huku anakuangalia."

Darasa lilicheka. Mwalimu hakucheka.

Kulikuwa na somo jingine ambalo hakuna aliyeliandika ubaoni. Pale shuleni kila kitu kilikuwa na mstari: paredi, choo, maziwa. Maziwa ya bure yaliletwa mara mbili kwa wiki katika pakiti za pembe tatu, na sheria yake ilikuwa moja, kwamba atokaye mstarini hapati. Mtoto akitoka hata kwa kufuata kiatu kilichomvuka, nafasi yake ilikuwa imekwisha. Wa darasa la kwanza waliijua sheria hii kabla ya kujua kuandika majina yao.

Basi niliwekwa karibu na mlingoti wa bendera, na mwenzangu akawekwa kando ya mlango wa stoo. Tuliambiwa tuelekeze nyuso kwa walimu na tusigeuke. Mwenyekiti alikuwa ameletewa kiti kutoka ofisini. Aliketi kando ya mwalimu mkuu, kofia magotini, beji ya chama kwenye koti.

Rafiki yangu alikuwa wa kwanza nyuma yangu. Alishika sweta yangu kwa nyuma, na nikasikia wengine wakija.

"Wewe msichana wa viazi," mvulana mmoja wa darasa la saba aliniita, "tukikuchagua utatupea chipsi?"

"Nitawapa maganda."

"Huyu ni mkweli," alisema, akaingia mstarini na wenzake wawili.

"Laini iko ndefu?" nilinong'ona.

"Nyamaza," alisema rafiki yangu. Baada ya muda akaongeza, "Imefika kwenye goli."

Mstari wa mwenzangu niliweza kuuona kwa pembe ya jicho. Uliishia kwenye tangi la maji, na tangi lilikuwa karibu sana. Kwa muda ambao sitausahau nilijua kwamba nitafanya mtihani.

Mwenyekiti alimwinamia mwalimu mkuu akamwambia kitu. Mwalimu mkuu aliinuka. Alisema watoto wana njaa, hivyo maziwa yatatolewa kwanza, kisha hesabu ifanyike. Wavulana wawili walitoa kreti stoo, na kwa kuwa mlango wa stoo ulikuwa kando ya mtoto wa mwenyekiti, kreti ziliwekwa miguuni pake.

"Mstari huu uanze," alisema mwalimu mkuu, akiuonyesha wa mwenzangu.

Darasa la kwanza na la pili, waliokuwa upande wangu karibu wote, waliona kreti na wakaona mstari. Hakuna aliyewaambia waniache. Walikimbia tu. Nilisikia miguu yao mitupu ikipita kwenye nyasi, nikageuka ingawa tulikatazwa. Mkia wangu wote wa kule golini ulikuwa umeondoka.

"Rudini, watoto, mtapata wote," mwalimu wetu wa uraia aliita. Lakini hakuna aliyerudi. Walichukua pakiti zilizopitishwa mkono kwa mkono, wakang'ata pembe, wakanyonya wakiwa wamesimama pale pale, kila mmoja kidevu mgongoni mwa mwenzake. Walikuwa watoto wenye adabu, na atokaye mstarini hapati.

Wakubwa walibaki kwangu. Mwenyekiti aliwatazama kwa utulivu, kama anayekagua shamba, kisha akanyoosha fimbo kwa rafiki yangu.

"Wewe, mtoto wa dereva. Hujaona maziwa?"

"Nimeshiba, Mzee."

"Umeshiba nini saa hizi?"

Watu walicheka. Nilihisi kitambaa cha sweta kikivutwa, halafu kikiachiliwa. Rafiki yangu alipita mbele yangu akiangalia chini, akaenda kusimama nyuma ya mtoto mdogo kuliko yeye kwa nusu ya kimo chake. Baada yake wakaenda wengine ambao baba zao walilima au kukamua kwa mzee huyo, kisha wengine ambao sikujua sababu yao.

Mwalimu mkuu alianza kuhesabu, akigusa kila kichwa kwa rula. Alianza na upande wa maziwa. Mwalimu wetu wa uraia alimfuata.

"Mwalimu mkuu, hao wako kwenye mstari wa maziwa. Tungoje wamalize, tuanze upya."

"Watoto wamejipanga wenyewe. Hukuwaona?"

"Niliwaona mara ya kwanza."

"Mara ya kwanza haikuhesabiwa."

Nilinyoosha mkono, na sauti iliyonitoka haikuwa yangu. "Mwalimu, naomba wadogo waulizwe wamemchagua nani."

Nilidhani mwalimu mkuu atanipiga. Lakini pengine aliona haya mbele ya walimu wengine, kwa maana aliinama kwa mtoto wa darasa la kwanza aliyekuwa na povu jeupe mdomoni. "Wewe. Umesimama kwa nani?"

"Kwa maziwa," mtoto alisema.

Uwanja mzima ulicheka. Walimu walicheka, mwenyekiti alicheka hadi akajifuta macho kwa kofia. Nilicheka mimi pia, kwa sababu nilidhani mambo yamekwisha na yamekwisha vizuri. Kisha mwalimu mkuu, akiwa bado anacheka, akagusa kichwa cha mtoto yule kwa rula na kuendelea na hesabu kutoka pale alipokuwa ameachia.

Nilishindwa kwa wengi sana. Tuliamriwa kupeana mikono. Mwenzangu aliniambia pole, na nadhani alimaanisha. Siku hiyo yeye alikuwa mtoto kama mimi. Mwalimu wa uraia alifundisha kipindi cha mwisho bila kutugeukia. Kabla ya kutoka alifuta ubao, wote.

Nilimkuta mama sokoni, akipanga viazi katika mafungu.

"Wamehesabu?"

"Wamehesabu."

"Mbele ya mwalimu?"

"Mbele ya kila mtu."

Aliendelea kupanga. Alipomaliza fungu moja alilibomoa akalipanga tena.

Nyumba yetu katika mtaa wa Kimumu ilivuja. Kwa miaka miwili mama alikuwa akinunua bati moja moja kutoka duka la vifaa mjini, akiyasimamisha nyuma ya kitanda, na yalikuwa yamefika sita. Jioni hiyo alimwita jirani aliyekuwa akijenga. Jirani aliyagonga kwa kidole, akasema yamekaa sana. Yeye alijua Ijumaa ni kesho, mtaa mzima ulijua. Mama alikuwa amenunua kila bati kwa shilingi mia moja na kumi. Aliyatoa kwa sabini na tano.

Ijumaa saa sita mchana tulikuwa ofisini kwa mwalimu mkuu na shilingi mia nne na hamsini, ambazo ndizo zilikuwa ada pamoja na michango yake. Mwalimu mkuu alizipokea kwa mikono miwili, akamshukuru mama, akaandika risiti na kuigonga muhuri. Mama hakujua kusoma. Niliisoma mimi. Ilisema ni malipo ya deni la mchango wa jengo jipya la shule, langu na la mdogo wangu aliyesoma hapo pia, la mwaka uliopita.

"Na mtihani?" mama aliuliza.

"Mama, deni la jengo hutangulia. Ndivyo kamati ilivyoamua."

"Mwalimu, nimeleta ya mtihani."

"Nimekuelewa, Mama. Lakini imeshagongwa muhuri."

"Basi nirudishie, nitalipa jengo mwezi ujao."

"Mama, pesa ya shule hairudi nyuma."

Mama alikaa kwenye benchi mpaka saa kumi na moja, mwalimu mkuu alipofunga ofisi. Hakulia na hakugombana. Alisimama na kusema asante, kwa sababu hivyo ndivyo alivyofundishwa kuagana na mwalimu. Majina ya watahiniwa yalipelekwa jioni ile bila langu, na Jumatatu nilikuwa sokoni nikibeba debe. Vingi ninavyovijua leo nimevipata kwenye vitabu vikuukuu vilivyouzwa barazani mjini, nikivisoma kwa mpangilio wangu mwenyewe.

Usiku wa Ijumaa ile mvua ilinyesha, tukasogeza vitanda. Mama aliniambia nimpigie hesabu kwa sauti, ajue. Mia mbili na kumi za mabati zilipotea kwa jirani, mia nne na hamsini zilipotea shuleni. Jumla, nilimwambia, ni shilingi mia sita na sitini.