Ndege Ikipita, Anua Nguo Nyeupe

Juzi asubuhi nilikuwa uani kwangu hapa Waberi, mjini Garissa, kibanio cha nguo kikiwa mdomoni, niliposikia ndege ndogo ikipaa upande wa uwanja. Kabla sijafikiri, mkono wangu ulikuwa umeshaanua shuka jeupe kutoka kwenye kamba. Nilicheka peke yangu kama mwehu. Mnisamehe, jamani, nililelewa na askari.

Askari huyo alikuwa Abti Shire, kaka yake mama, ambaye tuliishi naye ua mmoja. Abti ni mjomba kwa Kisomali, na kwa desturi yetu mjomba naye humwita mpwa wake abti, kwa hiyo tuliitana abti kutwa nzima. Ujanani alitumikia jeshi la ng'ambo ya mpaka, kwenye mzinga wa kutungulia ndege. Nilipomjua mimi alikuwa dalali wa mbuzi sokoni, mwenye sauti ya kusikika hadi mtoni. Hakuna ndege hata moja aliyowahi kuitungua, na hilo alilisema mwenyewe bila haya, huku akijiongezea sukari kwenye chai.

Sheria yake nyumbani ilikuwa moja: ndege ikipita, anua nguo nyeupe, maana nyeupe huonekana kutoka juu. Alisikia mngurumo kabla ya mtu yeyote, akaamrisha, tukakimbia mama na mimi, kuku wakitawanyika. Mwishowe mama alichoka, akawa anaanika nguo nyeupe zote jikoni, nami nikaenda shule na shati lenye harufu ya moshi na ubani, kama niliyetoka harusini. Abti mwenyewe hakuvaa nyeupe hata siku ya Idi. Kanzu yake ilikuwa rangi ya udongo.

Majirani walimtania, naye alicheka nao. Mimi alinieleza sababu. Siku moja vitani ndege ilishuka chini sana, kofia ya rubani ikageuka upande wake. Wenzake wawili pale mzingani walikufa, yeye hakupata hata mkwaruzo.

"Aliniona, abti," aliniambia. "Ananijua."

Nilipokuwa na miaka minane hivi, binti yake Hodan alichumbiwa. Harusi ilikuwa Tarbaj, mbele kidogo ya Wajir, kwa bibi yake mzaa mama, na wanawake wote wa kwetu walitangulia. Mimi nilibaki kumaliza mitihani, kisha Abti anichukue twende kwa lori. Ikanyesha mvua tuliyoiomba mwaka mzima. Tuliishangilia, tukaoga ndani yake, halafu ikala barabara yote ya kwenda Wajir. Kilichobaki ni ndege ndogo iliyokuwa ikipeleka dawa Wajir, nayo ilikuwa na nafasi mbili.

Abti alikataa katakata. Sheikh alimwambia si lazima aende. Angeweza kumwagiza mtu wa huko amwoze binti kwa niaba yake, tena kwa simu tu. Nikamwona Abti akishusha pumzi. Akampigia Hodan kumweleza. Nilikuwa ubavuni pake, nikalisikia jibu la Hodan, aliyemwita baba yake aabo.

"Aabo, mimi sitaki kuozwa na simu. Nitakungoja."

Abti alikata simu. Kisha akaniambia nikakunje nguo zangu.

Uwanjani jasho lilimtoka kama mbeba magunia. Alinisukumia kiti cha dirishani, akafumba macho, akasoma kila dua aliyoijua, na nadhani nyingine alizitunga papo hapo. Ndege ikapaa, tumbo langu likabaki Garissa. Nilikuwa na furaha isiyo na adabu. Nilimsimulia yote: mto Tana umefurika, mabati yanang'aa, soko lake la mbuzi lile pale.

"Abti, unaona watu?" aliuliza, macho bado kayafumba.

"Sioni. Naona vidoadoa, labda mbuzi."

"Tazama vizuri. Hata mwenye nguo nyeupe?"

"Hata huyo."

Alifumbua jicho moja, halafu la pili, akaniegemea mpaka pua yake ikagusa kioo. Mwili wake ukaanza kutikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka, ingawa machozi nayo yalikuwapo. Tulipotua Wajir alimshika rubani mkono, kijana wa kutoka Nairobi, akamwuliza kwa Kiswahili chake cha sokoni.

"Kijana, wewe nakuwa huko juu, naweza kuona sura ya mtu chini?"

"Sura, mzee? Mimi huko juu natafuta uwanja tu."

Kesho yake, Tarbaj, alimshika mkono bwana harusi, akamwoza Hodan kwa mdomo wake mwenyewe. Wakwe walimzawadia kanzu nyeupe. Aliivaa palepale, akacheza nayo mpaka ikajaa vumbi hadi magotini.

Utotoni niliamini alikuwa akimwogopa rubani tu. Nimekuwa mtu mzima, nimezika wapendwa wangu, ndipo nikaelewa kilichomsumbua: kwa nini wenzake walikufa akabaki yeye. Alidhani kuna mtu aliyemtazama, akamwacha kwa makusudi, na siku moja angerudi kummaliza. Kule angani aliona kwamba hakuna aliyemchagua, na moyo wake ukatulia. Nampenda sana kwa kupanda ndege ile kabla ya kulijua hilo.

Kanzu aliivaa hadi ikachakaa. Kila ndege ilipopita alisimama nayo katikati ya ua, akapunga mikono yote miwili. Mama alimwambia anajichosha bure, rubani hamwoni.

"Najua," alijibu. "Ndiyo raha yake."