Gauni Iliyokataa Kuisha

Memsab niliyemfulia nguo pale Nakuru alikuwa na neno moja ya Kizungu aliyoipenda kuliko bwana yake: hadiwea. Anashika kitambaa, anavuta huku na huku, halafu anasemea puani, "Hii hadiwea. Hapana pasuka. Wewe taona." Hadiwea ni nguo unavaa mpaka wewe ndiye unachoka. Blanketi ya farasi, hadiwea. Soksi za bwana, hadiwea. Hata mpishi, na mguu wake umevimba, aliambiwa yeye ni hadiwea. Akashukuru.

Gauni yangu ya kazi ilikuwa kaki, ile ngumu, ukiivua inasimama pembeni kama mgeni. Na sheria ya ile nyumba ilikuwa moja: hupati mpya mpaka ulete ya zamani imeraruka, ikaguliwe.

Sasa, mama ya kijana aliyetaka kunioa alikuwa anakuja na gari la moshi kutoka magharibi, kuniangalia. Zimebaki wiki tatu. Nguo ingine sikuwa nayo, na sikutaka anikute kama askari jela. Msichana aliyenitangulia hiyo kazi alikuwa amepewa gauni ya maua. Nami nikataka ya maua.

Nikaanza kuiua ile kaki. Nikaisugua kwa jiwe. Nikaivuta kwa seng'enge, seng'enge ndiyo ikapinda. Nikampa ndama, akatafuna asubuhi nzima, akatema, akaniangalia vibaya.

Mpishi akaja na ile sauti yake ya pipa. "Dada, unaua nyoka?"

"Nafua."

"Basi imekufa. Wachana nayo."

Zikabaki siku mbili. Nikaweka pasi ya makaa nyuma ya gauni, pale pa kukalia, nikaenda kunywa chai. Kurudi, napata tundu kama sahani. Nikampelekea memsab na uso wa matanga. Akaniangalia kupitia kwa hiyo tundu. "Pole," akasema. "Hii nafanya kazi siku mingi." Akaniandikia barua nipeleke kwa fundi Mhindi.

Mimi kusoma sijui. Fundi akasoma, tumbo ikacheka kabla ya mdomo. "Memsab nasema wewe nachunga kitu vizuri. Nasema pa yeye kaki ile ile, lakini nene zaidi."

"Na yule wa maua?"

"Ile wakati kaki likuwa mekwisha duka, dada."

Kwa hivyo nilisimama stesheni na kaki mpya mpaka kwa visigino. Mama mkwe akashuka, mfupi, na kikapu kichwani. Uso wangu hakuangalia. Alishika pindo, akavuta, akaliuma na meno. Akamgeukia kijana wake, aliyesimama kando yangu, na ile sauti yetu ya magharibi, ambayo kuvaa inakuwa kufaa:

"Mwenye kufaa nkuo kama hii hawesi kurutishwa kwao. Tumchukue."

Mwezi uliofuata nilikuwa kwa mahindi yake, napalilia, nimevaa hiyo kaki. Nilizaa watoto wanne nikiivaa, naifungua tu kiunoni. Ya maua nilinunuliwa baadaye, ikakaa mwaka moja, ikaisha.

Kaki iko pale nyuma ya mlango. Kuku analalia mayai juu yake. Alijaribu kuidonoa siku za kwanza, akaacha.