Harufu ya Oili Kwenye Majani Chai

Kimulot iko karibu na msitu wa Mau, na baridi ya huko mwezi wa saba si ya mchezo. Katika miaka hiyo ya tisini kuni zilikuwa shida, maana askari wa msitu walikuwa wamekaza. Mama yangu, niliyekuwa nikiishi naye, alikuwa akilala amejikunyata, na moshi wa kuni mbichi ulimkohoza mpaka asubuhi.

Aliyetuokoa ni rika yangu. Tulitahiriwa pamoja tukauguza vidonda kibanda kimoja, na mtu kama huyo kwetu unamwita bakule, naye ni zaidi ya ndugu. Alikuwa akifanya kazi kwa gereji, akaona mafundi wakichoma oili chafu, ile inayomwagwa kutoka kwa magari. Akatengeneza jiko kwa rimu kuukuu ya gurudumu la gari: juu mkebe wa oili, halafu kapaipu kembamba, tone moja moja linaangukia chuma chenye moto. Alijitengenezea lake, kisha akanitengenezea langu. Likishika lilinguruma, na nyumba ikapata joto hadi kwenye kona. Lilinuka, siwezi kuficha. Masizi yaliingia hata kwenye sukari. Lakini mama alinyoosha miguu.

"Sasa mmenipeleka Kisumu kwenye joto," alisema.

Halafu mvua ikaja. Lori ya kubeba majani chai yetu ikakwama kwenye matope, na karani wa senta ya kupimia majani akatuambia turudi na majani nyumbani, tuyalete kesho. Majani chai ukiyaacha kwenye kikapu yanapata joto yenyewe na kuwa mekundu, kwa hivyo unayatandaza sakafuni. Mimi niliyatandaza sebuleni jiko likiwaka, maana sikutaka kumzimia mama moto. Sikufikiria kwamba majani hushika harufu. Ama labda nilifikiria kidogo nikapuuza, hapo sijiamini. Rika yangu alifanya vile vile. Najua, kwa sababu asubuhi nilipita kwake nikamsaidia kuyafunga guniani, na mikono yangu ikanuka.

Tukiwa kwenye laini pale senta, karani alipita akisimama na kunusa.

"Nani ameleta petroli hapa?"

"Labda ni hiyo suruali yako, karani," mama mmoja akasema, na watu wakacheka.

Karani hakucheka. Alisema majani yote yanaingia lori moja, na kiwandani yakinuka yatarudishwa yote. Hapo kicheko kikaisha. Rika yangu, ambaye alikuwa mtu wa kamati ya senta, alikuwa amesimama bega kwa bega na mimi.

"Ni ya huyu," akasema bila kuniangalia. "Kwake wanachoma oili ndani ya nyumba."

Karani akainamia kikapu changu, akakimwaga kando ya barabara. Gunia la rika yangu lilipita bila kunuswa. Nani angenusa la mtu wa kamati?

Mimi sikulitaja gunia lake. Mpaka leo sijui kama ni heshima ya bakule iliyonifunga mdomo au ni uoga. Na nikisema haki, hakusema uongo. Pengine yangu yalinuka zaidi, maana sebule yangu ni ndogo.

Jioni kamati ikaja kwangu: ama jiko litoke, ama majani yangu yasipokelewe tena. Aliyelifungua ni rika yangu, kwa sababu ndiye aliyejua nati ziko wapi. Wenzake walipotoka na rimu nikamuuliza, "Bakule, mbona?"

"Ningefanya nini? Lori nzima ingerudi."

"Ungenyamaza."

"Watu wote wakose?"

"Majani yako nayo yalikuwa ndani ya hiyo lori."

Akawa anapangusa mikono kwa suruali. Baadaye akasema, polepole, "Mama asiumie na baridi. Mlete kwangu aote moto."

Nilitaka kukataa. Mama alikuwa ameshasikia na alikuwa anatafuta viatu.

"Yule ni mtoto wangu pia," aliniambia njiani. Hakuwa na kosa, miguu yake ilikuwa baridi.

Nilikuwa nikijua kwamba neno langu moja kwa karani lingeng'oa na lile jiko la rika yangu. Mama angerudi kwa kuni mbichi na kikohozi. Bakule pia alijua. Sidhani alipanga hivyo. Nafikiri alimwonea mama huruma ya kweli, na hiyo ndiyo iliniuma zaidi, maana sikupata hata pa kumchukia vizuri.

Kwa hivyo kila jioni nilimshika mama mkono, nikamvusha ua wa michai hadi mlangoni kwa rika yangu, kisha nikasimama nje penye zizi nikimsubiri. Ndani niliwasikia wakicheka.

"Bakule, ingia, unanyeshewa," alikuwa akiita.

"Sikai," nilikuwa nikimjibu. "Bado sijakamua ng'ombe."

Nilikuwa nimeshakamua, na maziwa nilikuwa nimeyachemsha kabla hatujatoka.