Pipa la Juma Kule Msambweni

Mama alinituma Msambweni nikakague jiko. Ilikuwa mwaka uliofuata zile mvua kubwa za Elnino. Kaka yangu Juma, mpishi katika hoteli moja ya Diani, alikuwa karibu kumwoza bintiye, na habari zilikuwa zimetufikia Kwale kwamba kwake sasa hawapikii kuni, wapikia hewa ya taka zilizooza.

"Nenda ukaone, Mwanamisi," Mama aliniambia. "Ukirudi na habari za uchafu, harusi hiyo nitaisikia kwa watu."

Asubuhi niliteremka Ukunda na leso mpya na manukato yangu mazuri. Juma alikuwa amepanga nipande gari la hoteli linalompelekea maganda. Hakunieleza kwamba mapipa ya maganda ya mananasi, wali uliolala na vichwa vya samaki yangekuwa nyuma ya kisogo changu. Dereva Mutua, mtu mzima kutoka Machakos, alinitazama nilivyojipamba, akacheka hata akashindwa kuliwasha gari. Nami nikaangua kicheko.

Nje kidogo ya Diani tulisimama kwenye shimo la taka la mahoteli, Mutua akamwaga chupa na makopo. Moshi mwembamba ulikuwa ukitoka ardhini. Nikamuuliza nani amewasha moto.

"Hakuna mtu amewasha, madam," alisema. "Taka ikioza huko chini inatoa gesi, halafu inashika moto yenyewe. Hiyo yote inaenda juu bure."

Adhuhuri tukafika Msambweni. Juma na mkewe Saumu walinipokea wakiziba pua, kwani manukato yangu yalikwisha kushindwa njiani. Kabla sijanywa maji, Juma alinivuta nyuma ya nyumba akanionyesha kisima kifupi cha saruji, na ndani yake pipa kubwa la chuma lililofudikizwa. Alieleza kwamba maganda na samadi vikioza mle bila kupata hewa ya nje hutoa gesi ya methani, nayo hulisukuma pipa juu kisha hupita kwenye mpira hadi jikoni. Gesi hiyo hiyo, alisema, ikiachwa itoke ovyo kwenye mashimo kama lile la Diani, hupanda angani na kuizidishia dunia joto. Afadhali ichomwe, madhara yake hupungua sana. Nilimwambia nimekuja kuona moto, si kusomeshwa.

Tukaingia jikoni, akawasha jiko. Nikainama, nikatangaza kuwa hakuna kitu. Moto ulikuwapo, wa buluu hafifu, na ncha ya leso yangu ndiyo iliyouona kwanza. Saumu alinimwagia kata ya maji, tukabaki tumeshikana kwa kucheka.

Chai ilichemka upesi. Niliinusa, nikainusa tena: iliki na tangawizi, basi. Hapo tukapagawa. Tulikaanga mayai, tukapika kaimati, tukachemsha mihogo, alimradi tuutazame ule moto. Samaki wa nazi akiwa bado mbichi, moto ukanywea. Juma akasema pipa limeshuka, latakiwa uzito juu yake. Mawe yalikuwa mbali. Sisi wawili tulikuwa karibu.

Basi mimi na wifi yangu, wanawake wazima, tukapanda tukakaa juu ya pipa. Juma alituambia kutoka jikoni kwamba moto umerudi na tusithubutu kushuka. Kijana wa jirani akapita, akatupa shikamoo. Tuliitikia marahaba kwa heshima zote, huku pipa likituzamisha polepole.

Samaki aliiva. Lakini jioni Juma mwenyewe alikiri kwamba pilau ya harusi pipa haliiwezi; ikakubaliwa pilau ipikiwe kuni, na chai ya wageni ipikiwe gesi.

Kesho yake nilirudi Kwale. Nilimwambia Mama kwamba uchafu nimeuona Diani, unafuka wazi na hakuna anayeushughulikia. Kwa Juma umefungiwa na unafanya kazi. Hilo ndilo nililojifunza: kinachooza hakitoweki kwa kutupwa mbali nasi. Nikamsimulia pia jinsi mimi na Saumu tulivyolikalia pipa.

"Na lile pipa liliwabeba wote wawili?" Mama akauliza.

Nikamwambia lilitubeba.

Siku ya harusi alikunywa vikombe viwili vya chai, akapangusa midomo, kisha akaniomba nimshike mkono apande juu ya pipa.